Kujiandikia Dira ya Maisha: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Kila mwaka yanapotoka matokeo ya Kidato cha Nne, barza ya nyumba yangu hapa Wete, Pemba, hukaliwa na vijana tangu baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Waliofaulu huuliza wasome nini, na walioanguka huuliza waende wapi, na kila kundi hudhani kwamba swali lake ni tofauti na la wenzao. Mimi huwajibu wote kwa swali moja: ni nani atakayenufaika kwa wewe kuwepo duniani, na kwa kazi gani? Wengi hunyamaza, na wachache husema kwamba wanataka maisha mazuri, jibu ambalo si baya, ila halimwambii mtu aamke saa ngapi kesho wala aanze na lipi.

Mwongozo huu ni kazi ninayoifanya na vijana hao kwa muda wa wiki kadhaa. Nimeifanya pia na watu wazima: mama ambaye watoto wake wote wameolewa na nyumba imebaki kimya, mfanyakazi aliyestaafu na kuona siku zimekuwa ndefu kuliko alivyodhani, na mvuvi aliyeuza mashua yake na hakujua tena ajiite nani. Unahitaji daftari, kalamu, na uvumilivu wa muda usiopungua mwezi mmoja.

Maana ya dira

Siku hizi tunalisikia neno dira zaidi katika mipango ya nchi. Zanzibar ilikuwa na Dira ya 2020, na sasa inayo Dira ya Maendeleo ya 2050. Lakini kabla ya kuingia katika maofisi, dira ilikuwa, na bado ni, kifaa cha mabaharia, na mtu akielewa kinavyofanya kazi atakuwa ameelewa nusu ya jambo hili. Sindano ya dira haimwambii nahodha aende wapi, kwani yenyewe huelekea kaskazini daima, na jahazi litokalo Wete kwenda Tanga likiifuata sindano hiyo halitaiona Tanga kamwe. Nahodha huchagua mwenyewe upande wa safari yake, kisha huitazama dira ili ajue, hasa usiku au mvua inapoificha pwani, kama omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, bado inaelekea kule alikokuchagua au imepotoshwa na mkondo bila yeye kuhisi.

Kwa hiyo tutenganishe maneno manne ambayo watu huyachanganya. Kusudi ni sababu ya safari, yaani unaishi kwa faida ya nani na kwa nini. Dira ya maisha ni maandishi mafupi yanayolitaja kusudi hilo na kueleza upande unaoelekea. Lengo ni kituo kimoja cha njiani, chenye tarehe, na ukishakifika kimekwisha. Mpango ni namna ya kufika kituoni hapo. Mtu mwenye malengo bila kusudi hufika vituo vingi akiwa mchovu, na kila akifika hujikuta anauliza: sasa je? Nimewaona watu wamejenga nyumba nzuri, wamenunua na gari, kisha wakakaa ndani ya nyumba hiyo wakiwa wamepotea.

Hatua ya kwanza: andika siku zako kwa siku 15

Usianze kwa kuandika unachokitaka. Anza kwa kuandika unavyoishi. Chukua daftari na uigawe kila siku kwa vipindi vya sala: alfajiri mpaka adhuhuri, adhuhuri mpaka alasiri, alasiri mpaka magharibi, magharibi mpaka isha, na baada ya isha mpaka kulala. Katika kila kipindi andika kwa sentensi moja ulichokifanya, ulikuwa na nani, na fedha uliyoitumia kama ipo. Usijihukumu wala usiandike uongo, kwa maana daftari hili hatalisoma mtu mwingine.

Nasema siku 15 kwa sababu ya bahari. Sisi wa visiwani, hata tusiovua wala kulima mwani, maisha yetu hufuata maji: siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, kina mama wako pwani tangu maji yanapotoka, na siku za maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, kazi hubadilika, na hata soko la samaki halifanani. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hivyo siku 15 zitakuonyesha mzunguko mzima. Mtu akiandika siku 5 tu atajidanganya kwamba ameyaona maisha yake.

Hatua ya pili: lisome daftari na utafute alama tatu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo watu wengi huharakisha, basi nakuomba usiharakishe. Kaa peke yako, asubuhi kama inawezekana, na upitie kurasa zote ukitafuta mambo ya aina tatu.

La kwanza ni kazi zilizokufanya usahau saa. Sizungumzii starehe, kwani simu nayo husahaulisha saa, bali kazi ambayo ulipoimaliza ulikuwa umechoka mwili na moyo umetulia.

La pili, ambalo mimi naliamini kuliko yote, ni mambo ambayo watu hukujia kwayo bila wewe kujitangaza. Katika kila mtaa yupo anayefuatwa kuandika barua ya kwa sheha, kiongozi wa mtaa, yupo anayeitwa kuosha maiti, yupo anayepelekewa redio na pasi zilizoharibika, yupo anayesuluhisha wanandoa, na yupo ambaye watoto wa jirani humkimbilia na madaftari yao ya hesabu. Sisi wenyewe huuona uwezo wetu kuwa kitu cha kawaida kwa sababu hautupi taabu, lakini majirani hawawezi kukosea kwa miaka kumi mfululizo. Andika majina ya watu watano waliokujia katika siku hizo 15, na mbele ya kila jina andika alilolitaka. Ikiwa hakuna aliyekujia, waulize watu watatu wa karibu: ukipata shida ya namna gani, mimi ndiye wa kwanza unayenikumbuka?

La tatu ni uchungu wako. Kuna jambo katika kijiji chako ambalo wengine wanapita na wewe huwezi kupita. Mmoja huumia akiona wanafunzi wameacha skuli msimu wa karafuu na hawakurudi tena, mwingine hukereka kwa mikoko kukatwa, mwingine kwa wazee wanaokaa peke yao mchana kutwa. Uchungu wa namna hiyo ni dalili, na mara nyingi kusudi la mtu hukaa pale uwezo wake unapokutana na uchungu wake.

Mfano wa wazi tunao katika historia yetu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwaka 1880, katika familia ya kimaskini, na hakujua kusoma wala kuandika. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akivinadi, na sauti yake ya kunadi ndiyo watu walianza kuijua kabla hawajamjua mwenyewe. Karibu mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza uimbaji kwa waliomtangulia, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, akiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa katika Afrika Mashariki. Tazama alama zote tatu: sauti ilikuwa yake, watu waliifuata wenyewe, na katika nyimbo zake waliingia wanyonge na wanawake waliodhulumiwa, ambao madhila yao aliyajua kwa kuwa alitoka kwao. Umaskini na kutosoma viliifanya njia yake iwe ndefu, lakini uwezo ulikuwepo tangu siku za vyungu, na yeye aliufanyia kazi.

Hatua ya tatu: nia na ushauri

Walio wengi katika visiwa hivi tumelelewa katika vyuo vya Kurani, na tulifundishwa mapema kwamba matendo huzingatiwa kwa nia. Kabla hujaandika chochote, jiulize nia yako. Ikiwa unataka kuandika dira ili umwonyeshe mtu aliyekudharau, ni bora usubiri, kwa sababu siku atakapokusifu au atakapokufa utakuwa huna tena la kukusukuma. Kwa Mwislamu, hapa ndipo mahali pa sala ya istikhara, ya kumwomba Mungu akuchagulie lililo la kheri, rakaa mbili na dua yake, nami nasisitiza kwamba istikhara haichukui nafasi ya kufikiri. Mtu hufikiri, hushauriana, kisha humkabidhi Mola wake alichokikusudia. Mwenye dini nyingine naye ana njia yake ya kutulia mbele ya Mungu, na aipitie.

Kuhusu ushauri, chagua watu wawili tu: mmoja anayekupenda, na mmoja anayeijua kazi unayoifikiria. Mmoja pekee hatoshi, na wazee walishasema kwamba kila mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Nilipomaliza skuli, ami yangu, Mungu amrehemu, aliniambia nisomee uhasibu kwa kuwa ofisini kuna kivuli na mshahara haukosi. Alinipenda sana, na kwa mapenzi hayo nilikaa miaka sita katika ofisi moja nikijumlisha hesabu za watu, hali jioni zangu zote nilikuwa nikisomesha watoto wa mtaani bila malipo. Daftari la siku 15 lingenionyesha katika mwezi mmoja jambo ambalo mimi nililigundua kwa miaka sita. Simlaumu ami, kwani alinishauri kwa alichokijua, na mimi sikumtafuta mtu wa pili.

Hatua ya nne: andika sentensi moja na ukurasa mmoja

Sasa andika. Sentensi ya dira nawafundisha vijana kuiandika kwa umbo hili: Naishi ili watu fulani wapate kitu fulani kwa njia ya kazi au uwezo wangu fulani. Umbo hili lina mahali pa watu, mahali pa manufaa, na mahali pa kazi, na sehemu moja ikikosekana sentensi huwa haijakamilika.

Kijana mmoja aliyejifunza umeme katika kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji aliandika mwanzo: Nataka kuwa na kampuni kubwa. Nilimuuliza kampuni hiyo itawafaa nani, akafikiri wiki nzima, kisha akarudi na sentensi hii: Naishi ili nyumba za vijijini Pemba ziwe na umeme usiounguza wala usioua, kwa ufundi wangu na kwa vijana nitakaowafundisha. Kampuni bado imo ndani yake, ila sasa imekuwa chombo cha kuwafikishia watu umeme salama.

Baada ya sentensi, andika ukurasa mmoja unaoeleza siku moja ya kawaida ya maisha yako miaka 10 ijayo: umeamka wapi, umefanya kazi gani, nani amekuja kwako, umerudi nyumbani saa ngapi, nani yuko nyumbani. Usieleze siku ya sherehe. Nimechagua miaka 10 kwa kufuata mkarafuu, ambao mtu akiupanda leo hungoja miaka 6 au zaidi kabla haujaanza kuzaa, kisha ukaendelea kuzaa umri wa mtu mzima. Wazee waliopanda mikarafuu tunayochuma sisi walijua kwamba mavuno makubwa wangeyakuta wengine, na walipanda.

Hatua ya tano: ijaribu kabla hujaiamini

Jaribio kubwa kuliko yote naliita jaribio la kotonii, na wakulima wa mwani watalielewa upesi. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika pwani za Paje na Jambiani, na wanawake ndio walioushika. Kuna mwani wa spinosamu, wenye bei ndogo, na kuna wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, kotonii ilianza kuugua na kufa, na katika maeneo mengi ikawa haioti tena kama zamani. Mama ambaye sentensi yake ingekuwa: Naishi ili nilime kotonii, asingebakiwa na kitu. Lakini ambaye sentensi yake ni: Naishi ili watoto wangu wasome na wanawake wenzangu wapate kipato chao wenyewe kwa kazi ya pwani, huyo alikuwa na njia ya kupita, na wapo waliopita kwa kulima kwenye maji ya kina kirefu zaidi, na wapo waliogeukia kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Basi ondoa katika sentensi yako kile unachokitegemea zaidi, iwe duka, cheo, mashua au afya ya miguu, halafu uisome tena. Ikibaki na maana, ni dira. Ikianguka, ulikuwa umeandika lengo, na inafaa urudi hatua ya nne.

Majaribio mengine mawili ni mafupi. Je, unaweza kumsomea mama yako sentensi hiyo bila kuona haya? Na je, kuna mtu atakayeumia ili wewe ufanikiwe?

Hatua ya sita: ifunge dira na misimu

Dira isiyoingia katika kalenda hubaki kuwa maneno. Mabaharia wetu waliupanga mwaka kwa pepo mbili: kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia mwisho wa mwaka, na kusi iliyoyarudisha. Nami napendekeza uugawe mwaka wako sehemu mbili za miezi sita, ya kaskazi na ya kusi, na katika kila sehemu uwe na lengo moja kubwa linalotokana na dira yako. Moja tu. Vijana hubishana nami sana juu ya hili, nami sijawahi kulegeza, kwa sababu mshika mawili moja humponyoka, na mwenye kushika sita hana hata moja.

Lengo liandikwe kwa kiasi na tarehe. Fundi wa kushona wa Chake Chake ambaye dira yake ni kuwapa wasichana walioacha skuli ufundi wa kujitegemea, anaweza kuandika kwamba mwisho wa kusi atakuwa na cherehani ya pili ya kufundishia. Akiweka shilingi 10,000 kila wiki katika kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kwa wiki 26, atakuwa na shilingi 260,000 kabla ya kuhesabu faida, na akijua bei ya cherehani anayoitaka ataona mara moja kama akiba hiyo inatosha au kama lengo linahitaji msimu mwingine.

Kwa wenye mashamba ya karafuu nina neno la ziada. Fedha ya karafuu huja kwa wingi na kwa mkupuo, na katika siku zile za kuuza kila mwenye haja humjua mkulima kwa jina. Fungu la dira liandikwe kabla karafuu hazijaanikwa, na litengwe benki au kwenye kikundi siku ile ile ya kulipwa, kabla hujafika nyumbani.

Hatua ya saba: muhasaba (kujihesabu) wa kila wiki

Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya isha, fungua daftari kwa dakika 20. Isome sentensi yako, kisha jibu kwa kuandika: wiki hii nimefanya lipi lililoelekea huko? Lipi limenivuta pembeni? Wiki ijayo nitafanya lipi, siku gani, saa ngapi? Wiki tatu mfululizo zikipita bila jibu la swali la kwanza, usijitukane. Tazama kama lengo ni zito kuliko nguvu ulizonazo msimu huu, au kama kuna deni, ugonjwa au msiba unaostahili kushughulikiwa kwanza. Hata Ramadhani ina mpango wake, na mimi mwezi huo huwa siweki kazi mpya kabisa.

Hatua ya nane: nyumba yenye dira mbili

Usiitangaze dira yako barazani, ila usiwafiche watu wa nyumbani. Na hapa ninalo jambo linalonikaa moyoni. Katika nyumba zetu nyingi, dira ya mume hujulikana hata na watoto, na ya mke haijawahi kuulizwa. Nimekutana na kina mama wa miaka 50 ambao, nilipowauliza wanaishi kwa ajili gani, walitaja majina ya watoto wao mmoja mmoja, na nilipowauliza tena, zaidi ya hapo, machozi yaliwatoka kabla ya maneno. Kulea ni kusudi tukufu, na atakayeandika hivyo ameandika vyema, lakini aandike kwa kuwa ameulizwa na amechagua. Mume na mke wakae usiku mmoja, kila mmoja amsomee mwenzake sentensi yake, na anayesikiliza asijibu chochote mpaka kesho yake. Zikigongana, kwa mfano mmoja anataka kuhamia mjini na mwingine ana kazi yake Micheweni, wazungumze malengo ya msimu kwanza, yaani nani atasubiri kaskazi hii na nani kusi ijayo, kwa sababu malengo yana nafasi ya kupokezana.

Hatua ya tisa: upepo unapogeuka

Malengo yabadilishe kila inapobidi. Dira yenyewe ipitie mara moja kwa mwaka, na uwe mgumu kuigusa. Kushindwa msimu mmoja si sababu ya kuibadilisha, wala kusifiwa kwa kazi nyingine. Sababu za kweli ni chache: watu uliokuwa ukiwatumikia hawakuhitaji tena, au umejifunza jambo kubwa juu yako mwenyewe ambalo hukulijua ulipoandika, au mwili umekataa na kazi ile haiwezekani kwa njia yoyote. Mvuvi niliyemtaja mwanzo aliuza mashua kwa sababu ya macho, na ilimchukua karibu mwaka kuiandika sentensi yake upya. Sasa asubuhi hukaa chini ya mkungu akiwafundisha vijana kusuka na kuziba nyavu kwa kupapasa kwa vidole, na watu walewale wa bandarini ndio wanaomfuata.

Ukifika hapo, andika upya kwa mpangilio uleule, kuanzia daftari la siku 15. Weka tarehe juu ya ukurasa mpya, na ule wa zamani uuache mahali pake bila kuuchana.